Boma Iliyohamwa Miaka 40 Iliyopita Bado Inatoa Gesi: Hivi Ndivyo Wasee Wanaipima

Kila meza ya choma huwa na ule msee mmoja. Nyama haijatoka kwa moto, soda ndio imefunguliwa tu, na yeye ashaanza: "Mnajua ng'ombe ndio wanamaliza dunia na ushuzi?" Watu wanacheka, mwingine anaitisha kachumbari, stori inafia hapo.

Huyo msee amekosea, tena mara mbili. Kwanza, si ushuzi. Ng'ombe ana tumbo la vyumba vinne, na kile kikubwa kabisa kinafanya kazi kama pipa la kuchachusha busaa. Vijidudu vinavunja nyasi mle ndani bila oksijeni, na vingine vinatengeneza methani. Gesi ikijaa, ng'ombe anabeua. Kama asilimia 95 ya hiyo methani inatokea mdomoni na puani, nyuma ni kidogo tu. Kwa hivyo ukisimama nyuma ya ng'ombe umeziba pua, ujue unahepa harufu tu. Methani yenyewe hainuki, na inatokea upande ule mwingine.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, na si lake peke yake. Muulize, "Sawa buda, ng'ombe mmoja wa hapa Kenya anatoa kilo ngapi kwa mwaka?" Atanyamaza. Na kwa miaka mingi hata serikali ingekupea namba ambayo haikutoka kwa ng'ombe yeyote wa hapa. Ilikuwa namba ya kukopa.

Namba za mitumba

Iko hivi. Kila nchi lazima ipeleke hesabu ya gesi zake Umoja wa Mataifa. Jopo la kimataifa la tabianchi, wale wanaitwa IPCC, hutoa mwongozo wenye namba za kila pande ya dunia. Kama huna vipimo vyako, unachukua idadi ya ng'ombe wenu, unazidisha na ile namba ya kitabu, umemaliza. Kazi ya dakika mbili kwa simu.

Mwongozo wa 2006 ulisema ng'ombe wa maziwa wa Afrika anatoa kilo 46 za methani kwa mwaka, na wale wengine kilo 31. Yule wa Amerika Kaskazini alipewa 128, juu anakula zaidi na anakamuliwa zaidi. Halafu 2019 mwongozo ukafanyiwa marekebisho. Wa maziwa wa Afrika akapanda hadi 76, wale wengine 52.

Soma hapo tena polepole. Tuseme shosh yako ana ng'ombe wawili wa maziwa kule shags. Kwa kitabu cha kwanza walikuwa wanatoa kilo 92. Kwa kitabu cha pili, kilo 152. Hao ng'ombe hawakubeua hata mara moja zaidi. Walikuwa wamelala zizini wakicheua kama kawaida. Karatasi ndiyo ilibadilika.

Sisemi IPCC ni waongo. Wao hufanya hesabu na vipimo vilivyopo, na vipimo vingi vilivyopo vilitoka kwa ng'ombe wa ng'ambo, wakubwa, wanaokula chakula kilichopimwa kwa mizani. Sasa linganisha na ng'ombe wa Nyando kule Kisumu, anayeshinda kwa mabua ya mahindi wakati wa kiangazi na kunenepa tena mvua ikirudi. Watafiti walipowapima uzito hao ng'ombe wa Nyando msimu kwa msimu na kupiga hesabu upya, makundi mengine yalitoka chini ya namba ya kitabu kwa hadi asilimia 40. Hiyo si tofauti ndogo. Hebu token ya stima ikuje na makosa ya asilimia 40 uone vile utapiga kelele.

Na kama unajiuliza hii inakuhusu aje, jibu ni doh. Kenya imeahidi kupunguza gesi zake kwa asilimia 32 kufikia 2030, ukilinganisha na vile zingekuwa tusipofanya kitu. Kwa hesabu ya nchi, kilimo ndicho kinaongoza, na ndani ya kilimo mifugo ndio wako mbele. Halafu kuna biashara ya kaboni. Sheria ya tabianchi ilifanyiwa marekebisho 2023, na sasa miradi ya kaboni inayotumia ardhi inatakiwa kurudishia jamii asilimia 40 ya mapato. Inaskika poa sana. Lakini huwezi kuuza upungufu wa kitu ambacho hukukijua kiwango chake tangu mwanzo. Asiyekuwa na namba zake anapewa za mwenye mradi, na anasaini.

Bedsitter ya ng'ombe

Kama unaishi pande za Uthiru, umepita hapo ukiwa kwa mat mara mob. Kuna geti la ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, kwa ile barabara ya zamani ya Naivasha. Ndani kuna kituo kinaitwa Mazingira. Na ndani ya Mazingira kuna vyumba ambavyo ng'ombe anaingia peke yake, mlango unafungwa, na anakaa humo akila na kulala huku kila pumzi yake ikiandikwa.

Chukulia ni bedsitter, isipokuwa caretaker ni kompyuta. Hewa safi inavutwa kuingia upande mmoja na kutoka upande wa pili, na mashine inajua ni hewa kiasi gani imepita. Mashine nyingine inaonja methani kwa ile inayoingia na kwa ile inayotoka. Hewa ya kawaida ya nje ina karibu sehemu 2 za methani kwa kila milioni. Inayotoka kwa keja ya ng'ombe ina zaidi. Ile tofauti ndiyo yake.

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme hewa inapita mita 1 ya ujazo kwa dakika. Kwa siku hiyo ni mita 1,440. Tuseme inayotoka imezidi inayoingia kwa sehemu 200 kwa milioni. Zidisha: unapata lita 288 za methani, ambazo zina uzito wa kama gramu 190. Kwa mwaka, karibu kilo 70. Ni hivyo tu. Hakuna uchawi, ni hewa ngapi imepita mara gesi ngapi imeongezeka. Ukishika hiyo moja, mbinu zingine zote utazielewa, juu zote ni njia tofauti za kutafuta hizo namba mbili.

Hizo keja zilitoa jibu moja ambalo mimi lilinikalia vibaya. Watafiti walichukua ng'ombe aina ya Boran wakawapunguzia chakula hatua kwa hatua, hadi wakafika asilimia 40 ya kile mwili unahitaji ili usikonde. Ungedhani ng'ombe mwenye njaa anatoa gesi kidogo, na kweli kwa jumla inashuka. Lakini methani kwa kila kilo ya chakula alichokula ilipanda. Sasa fikiria ukame wa Kajiado ama Marsabit, miezi sita hakuna nyasi ya maana. Mfugaji anapoteza uzito wa ng'ombe, anapoteza maziwa, na kile kidogo ng'ombe anapata kinapotea zaidi kama gesi. Hasara inamlamba pande zote.

Zizi halina mlango

Shida ya keja ni kwamba hakuna ng'ombe anaishi hivyo. Wa Githunguri ama Kinangop anaishi kwa zizi la mbao na mabati, pande zote wazi, upepo unapita vile unataka. Utapima aje hewa iliyopita kwa nyumba isiyo na ukuta?

Kule Uholanzi na Denmark, mazizi mengine ya nguruwe na kuku yamefungwa kabisa na yanapumulia kwa feni. Hapo ni rahisi, unapima feni. Kwa zizi lililo wazi lazima uwe mjanja. Ujanja mmoja ni kumtumia ng'ombe mwenyewe kama mita. Ng'ombe anapumua hewa ukaa, na kiasi chake unaweza kukikadiria ukijua uzito wake na maziwa anayotoa. Kwa hivyo unapima hewa ukaa na methani pamoja ndani ya zizi, unatoa zile za nje, unaangalia uwiano. Ukijua moja, ya pili inakuja yenyewe. Upepo ukiongezeka, zote mbili zinapungua pamoja, uwiano unabaki. Kitamu sana hicho. Ila sasa mtu akiwasha jiko la makaa hapo kando achemshe chai ya saa nne, amekuharibia siku.

Kuna pia mashine ya kumhonga ng'ombe. Anaingiza kichwa, anadondoshewa chakula kidogo, na wakati anatafuna feni inavuta pumzi yake na kuipima. Anarudi mara kadhaa kwa siku kwa hiari yake, kama wewe na smokie ya kona. Na kuna kifaa cha leza cha kushika mkononi, ambacho kilitengenezwa kwanza kwa ajili ya kutafuta mabomba ya gesi yanayovuja. Unasimama mita chache, unamlenga ng'ombe puani, kinakuonyesha methani iliyo kati yako na yeye. Ni rahisi kubeba, lakini upepo na umbali vinakisumbua, kwa hivyo usikiamini kama mizani ya buchari. Hata hiyo ya buchari, sijui.

Sindano kwa mbolea

Mpaka hapa tumeongea mdomo wa ng'ombe. Lakini nyumba ya mifugo ina sakafu, na kwa sakafu kuna kinyesi na mkojo. Hapo ndio inaingia gesi ya pili, oksidi ya nitrojeni, ile ile daktari wa meno hukupulizia usiskie uchungu. Kilo moja yake inapasha dunia joto kama mara 273 ya kilo moja ya hewa ukaa kwa miaka 100. Methani ni kama mara 28. Na hii ya nitrojeni ikishapanda inakaa huko juu zaidi ya karne.

Kuipima ni kazi ya subira. Unazamisha fremu kwa udongo ama kwa samadi, unaiacha itulie. Siku ya kazi unakuja asubuhi, unafunika na kasanduku chenye mpira wa kuziba, unaanza kuhesabu dakika. Sindano ya kwanza sai, ya pili baada ya dakika 10, ya tatu 20, ya nne 30. Kila sindano unavuta hewa na kuisukuma kwa chupa ndogo, unaandika namba, unaenda kasanduku kingine. Chupa zinarudi maabara, mashine inatenganisha gesi moja moja. Kama gesi ilikuwa inapanda kwa mstari mzuri kutoka chupa ya kwanza hadi ya nne, unajua inatoka kwa kasi gani. Kama mstari umepinda ovyo, sanduku lilivuja ama mtu alilala kwa dakika ya 20. Rudia.

Na lazima urudi wiki baada ya wiki, juu hii gesi ina tabia ya mpenzi wa mtandaoni: kimya mwezi mzima halafu mvua ya kwanza inanyesha na inalipuka siku mbili tatu. Ukipima kiangazi peke yake utaandika kwamba hakuna kitu.

Sasa sikiza hii. Watafiti hapa Nairobi walimwaga kinyesi na mkojo wa ng'ombe kwa nyasi wakapima. Mwongozo wa 2006 ulikuwa unasema asilimia 2 ya nitrojeni iliyomo itapotea kama hiyo gesi. Wao walipata kati ya asilimia 0.1 na 0.2. Ng'ombe wetu wengi hawali chakula chenye protini nyingi, kwa hivyo mkojo wao hauna nitrojeni ya kumwaga. Ungefunga kitabu hapo ungesema ng'ombe wa Kenya hana hatia, kesi imetupwa.

Lakini nyasi si mahali ng'ombe wa mfugaji analala.

Deposit ya kila usiku

Ukienda Mombasa kwa barabara, ukishapita Athi River, tambarare za Kapiti zinaanza. ILRI wana ranchi huko, upande wa Machakos, kama ekari 32,000, na si ya ng'ombe peke yao. Kuna punda milia, kuna twiga, kuna simba. Juu ya simba, jioni mifugo wote wanaingizwa boma. Wanashinda mchana kutwa wakilisha kilomita na kilomita za nyasi, halafu usiku kucha wanakojoa na kunya mahali pamoja.

Fikiria kama M-Pesa. Ng'ombe anatoa nitrojeni kidogo kidogo kwa kila kichaka cha tambarare nzima, halafu anaideposit yote kwa akaunti moja, kila usiku, kwa miezi ama miaka. Samadi inajaa, inakuwa zulia nene. Boma ikichafuka sana ama nyasi ikiisha, watu wanahama wanajenga nyingine. Ile ya zamani inabaki na salio.

Utafiti wa boma za Kenya ulichapishwa 2020, na Kapiti ilikuwa moja ya mahali pa kupima. Watafiti walipeleka masanduku yao kwa boma zinazotumika na kwa zile zilizohamwa zamani. Zile zinazotumika zilikuwa moto, kama walivyotarajia. Kilichowashtua ni zile nzee. Kuna boma zilizoachwa zaidi ya miaka 40, waliozijenga sasa ni guka, na bado zilikuwa zinatoa oksidi ya nitrojeni kuliko savana iliyo kando yake. Walipotanua hesabu kwa Afrika yote iliyo kusini mwa Sahara, walikadiria kwamba boma zinaweza kuongeza kama asilimia 5 juu ya oksidi yote ya nitrojeni inayosababishwa na binadamu barani Afrika. Asilimia 5 ambayo haikuwa kwa hesabu ya mtu yeyote, juu hakuna mtu alikuwa amefikiria kuweka sanduku hapo.

Kutoka boma kadhaa za Kenya hadi bara zima ni mruko mrefu, na mimi ningependa kuona masanduku Ethiopia, Sudan na nchi za Sahel kabla niape na hiyo namba. Lakini kwamba salio halikuishi kwa miaka 40, hiyo imepimwa, sindano kwa sindano.

Na kuna ushahidi wa zamani zaidi. Kule Narok, watafiti walichimba mahali wafugaji wa kale walikuwa wanalaza mifugo, kati ya miaka 1,500 na 3,700 iliyopita. Waliochapisha 2018 walionyesha kwamba udongo wa hapo bado una rutuba kuliko wa kando, na bado unaota nyasi nzuri ambayo wanyama pori wanaifuata. Samadi ya mtu aliyeishi kabla ya Yesu. Kwa hivyo boma si uchafu tu, ni mojawapo ya vitu vilivyoitengeneza savana unayolipa kuingia kuiona. Mtu akikuambia wafugaji wameharibu kila kitu, mwambie aende Narok na jembe.

Kile kinachoweza kufanywa si kigeni. Malori yanapanda Kajiado kila msimu yanachota samadi ya boma na kuishusha kwa mashamba ya mboga na kahawa. Hiyo nitrojeni ikitolewa mapema na kuingia shambani, sukuma inaitumia badala ya kupotea hewani kwa miaka 40. Kwa shosh na zero-grazing yake, kufunika lundo la samadi na nailoni kunasaidia nitrojeni isipotee, na mtambo wa biogesi unachukua methani na kuipikia ugali, mradi bomba lisivuje. Likivuja umejenga kiwanda cha methani na hupiki nacho.

Chakula ndio kubwa lakini. Rudi kwa ng'ombe wetu wa kilo 70. Akikamuliwa lita 3 kwa siku, siku 300, hiyo ni lita 900, kama gramu 78 za methani kwa kila lita. Mpe napier na desmodium, maji ya kutosha, afike lita 10. Atakula zaidi na kubeua zaidi, tuseme kilo 90. Gawanya kwa lita 3,000: gramu 30. Chai ile ile, gesi chini ya nusu, na shosh ana maziwa ya kuuza. Hizi ni namba za mfano, zako utazijua siku mtu atakuja kupima kwenu.

Na wale wanaopima, si lazima wawe na PhD. Anayeamka asubuhi kufunika masanduku, kuvuta sindano kwa dakika zake na kuandika lebo bila kukosea mara nyingi ni kijana wa hapo hapo, aliyefunzwa kazi, anayejua pia ni ng'ombe gani atampiga teke. Akikosea dakika moja, kosa lake linafika hadi kwa hesabu ya taifa. Desemba ukienda shags, tafuta ile sehemu ya duara ambayo nyasi iko kijani kuliko kwingine na hakuna miti. Uliza wazee ni nani alikuwa analaza ng'ombe hapo.